Dawa ya unga imemnenepesha binti yangu mwenye pumu: niendelee nayo?

Wapendwa wa safu ya afya, salaam.

Binti yangu ana miaka tisa na ana pumu tangu akiwa na minne. Hospitalini tulipewa pampu mbili: ya bluu ya salbutamol, avute akibanwa, na ya kahawia ya beklometasoni ya maikrogramu 100, mvuto mmoja asubuhi na mmoja jioni, kila siku. Ya kahawia nimeiacha karibu miezi mitatu sasa. Niliambiwa ina steroidi, inadumaza watoto, na kwamba mtoto akiizoea haachi tena maisha yake yote.

Tangu hapo tunatibu kwa njia za asili. Asubuhi nampa kijiko kikubwa cha asali na habasoda ya kusaga, jioni chai ya tangawizi na kitunguu swaumu. Mama mkwe, tunayeishi naye hapa Tanga, amekataza maziwa, mayai, samaki, karanga na ndizi kwa kuwa vinaongeza makohozi. Kila Jumamosi anamfukiza kwa majani ya mkaratusi chini ya shuka, na sasa anataka kuongeza moshi wa majani makavu ya mnanaha kama walivyofanya wazee wake. Usiku nyumba inafukizwa udi, na tunawasha dawa ya mbu ya kuchoma.

Kuna pia dawa ya unga tunayonunua sokoni, haina lebo. Nilianza kumpa kijiko cha chai mara mbili kwa siku, na ndiyo iliyomsaidia kuliko zote: siku ya pili tu kifua kilifunguka, akaanza kula sana, mashavu yakajaa. Tumeitumia wiki saba. Wiki hizi mbili za mwisho muuzaji ameadimika, nampa nusu kijiko ili idumu, na kikohozi kimerudi. Anaamka saa tisa usiku mara mbili au tatu kwa wiki, pampu ya bluu naitumia karibu kila siku, na mchezo wa netiboli shuleni kauacha.

Sasa kuna muuza virutubisho ananishawishi ninunue boksi la mwezi, vitamini D, magnesiamu na mafuta ya samaki, kwa shilingi 85,000. Je, ninunue? Vyakula gani vinatibu pumu? Mnanaha unafaa? Na mama mkwe nitamwambiaje bila kumvunjia heshima? Anampenda sana mjukuu wake.

Mama mwenye wasiwasi, Tanga

MAJIBU

Dada, tunaanza na ule unga wa sokoni, kwa sababu huo haungoji. Dawa isiyo na lebo inayofungua kifua kwa siku mbili, inayomfanya mtoto ale kupita kawaida na kumjaza mashavu, kisha ukipunguza kipimo kifua kinabana upya, inatupa shaka kubwa kwamba imechanganywa na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) iliyosagwa, kama prednisoloni au deksametasoni. Bila maabara hakuna anayeweza kuthibitisha. Lakini dawa za mitishamba zilizotiwa steroidi kwa siri zimeshagunduliwa katika nchi nyingi, za pumu na za maumivu ya viungo zikiwemo. Huenda basi umeikimbia steroidi ndogo ya kwenye pampu ukampa mtoto kubwa zaidi bila kujua.

Usiukatize ghafla kwa uamuzi wako mwenyewe. Juu ya figo kuna tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili. Mtoto akinyweshwa ya nje kila siku kwa zaidi ya wiki tatu hivi, tezi hizo hulala, na wewe uko kwenye wiki ya saba. Ukiiondoa mara moja, kisha akapata homa au kuharisha, mwili unakosa ya kwake na ya nje pia: atatapika, atalegea, tumbo litauma, shinikizo la damu na sukari vitashuka. Nusu kijiko unachompa sasa nacho ni kupunguza bila mpango. Kwa hiyo kesho asubuhi, si wiki ijayo, mpeleke hospitali ukiwa na unga wenyewe uliobaki, umwambie daktari hivi: "Amekunywa unga huu kijiko cha chai mara mbili kwa siku kwa wiki tano, kisha nusu kijiko kwa wiki mbili. Tunahofia una steroidi." Daktari ataamua apunguziwe vipi na kwa dawa gani inayojulikana kipimo. Mkemia Mkuu wa Serikali ana maabara inayopima dawa za namna hii, kwa hiyo usiutupe. Mtoto akianza kutapika, kulegea au kusinzia isivyo kawaida kabla ya hapo, nenda usiku huohuo.

Sasa pumu yenyewe. Kuna maswali manne ambayo kliniki hutumia kupima kama pumu imetulia, yote kuhusu wiki nne zilizopita. Je, mchana amepata dalili zaidi ya mara mbili kwa wiki? Ameamshwa usiku na pumu? Ametumia pampu ya bluu zaidi ya mara mbili kwa wiki? Kuna shughuli aliyoishindwa au kuiacha? Jibu la ndiyo kwa maswali matatu au manne ni pumu isiyodhibitiwa. Barua yako imejibu ndiyo karibu yote, na hapo bado ule unga umo mwilini ukificha sehemu ya ugonjwa.

Pampu ya bluu inalegeza misuli iliyokaza kuta za njia za hewa. Inafanya kazi ndani ya dakika chache na kuisha baada ya saa nne hadi sita. Uvimbe ulio ndani ya kuta hizo, ambao ndio pumu yenyewe, haiugusi hata kidogo. Uvimbe unatulizwa na ya kahawia, polepole: nafuu huanza kuonekana baada ya wiki moja au mbili na hukamilika kwa miezi. Ndiyo maana wazazi wengi huiona "haifanyi kazi" na kuiacha. Mtoto anayeishi kwa ya bluu peke yake anapumua vizuri huku uvimbe ukiendelea kukua chini yake, na watoto wa namna hiyo ndio wanaobanwa usiku mmoja ikashindikana kufika hospitali.

Hofu ya kudumaa ina chembe ya ukweli, tukupe ukubwa wake. Steroidi ya kuvuta hupunguza urefu wa mtoto kwa takriban sentimita moja, zaidi katika mwaka wa kwanza wa matumizi, na kupungua huko hakuongezeki mwaka hadi mwaka. Pumu isiyotibiwa nayo hudumaza, na steroidi ya kunywa hudumaza zaidi. Kipimo cha binti yako ni maikrogramu 200 kwa siku, kipimo cha chini kwa umri wake. Kidonge kimoja cha prednisoloni cha miligramu 5 kina maikrogramu 5,000, na hicho kinapita mwili mzima, si mapafu tu. Uraibu haupo. Kifua kikishatulia kwa miezi mitatu hivi, daktari mwenyewe hupunguza kipimo. Madhara ya kawaida ni utando mweupe mdomoni na sauti kukauka, navyo huzuilika akisukutua kwa maji na kuyatema kila baada ya kuvuta. Mwulize daktari kesho kuhusu kuirudisha, ikiwezekana siku hiyohiyo.

Jambo ambalo huenda hakuna aliyekuonyesha: mtoto wa miaka tisa akivuta pampu moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi hugonga koo na kumezwa. Anahitaji spesa, yaani chombo cha plastiki kinachokaa kati ya pampu na mdomo. Kama duka la dawa halina, chupa ya maji ya nusu lita inatosha. Watafiti wa Cape Town waliipima kwa watoto waliobanwa na pumu, wakachapisha matokeo mwaka 1999: ilifanya kazi sawa na spesa ya kununua. Osha chupa. Chora mdomo wa pampu kwenye kitako chake, kisha kata kwa kisu kilichopashwa moto ndani kidogo ya mstari, ili pampu iingie kwa kukaza. Suuza vizuri vipande vya plastiki visibaki ndani akaja kuvivuta. Pakivuja pembeni, ziba kwa plasta. Shingo ya chupa ndiyo anayoweka mdomoni.

Tikisa pampu, bonyeza mara moja, naye avute na kutoa pumzi polepole mara tano au sita bila kuachia shingo ya chupa. Mvuto wa pili unatikiswa upya na kubonyezwa peke yake. Ukibonyeza miwili kwa pamoja, matone yanagongana na kuganda kwenye plastiki, anapata dawa pungufu. Ukibonyeza kisha ukamwambia "haya, vuta," sekunde hizo sehemu ya dawa imeshatua chini. Osha chupa kwa maji ya sabuni mara moja kwa wiki, iache ikauke kwa hewa. Ukiifuta kwa kitambaa plastiki inapata umeme na kunasa dawa.

Andika pia tarehe kwenye pampu unapoifungua. Nyingi zina mivuto 200, kwa hiyo ya kahawia kwa mivuto miwili kwa siku itakwisha siku ya 100. Baada ya hapo gesi inaendelea kutoka na kusikika, ila dawa haimo. Kuitumbukiza majini kuona kama inaelea hakupimi kitu.

Chakula. Hakuna chakula kinachotibu pumu, lakini mlo una kazi. Nchini Australia watu wazima wenye pumu walilinganishwa kwa mlo, matokeo yakatoka mwaka 2012: waliokula mafungu matano ya mboga na mawili ya matunda kwa siku walikuwa na mapafu yenye nguvu zaidi na walichelewa kubanwa kuliko waliopewa mboga na matunda kidogo. Vidonge vya rangi ya nyanya, likopeni, havikuleta faida hiyo. Kwa meza ya Tanga maana yake ni mchicha, matembele au kisamvu mchana na jioni, nyanya na karoti ndani ya mchuzi, na papai, embe au chungwa mara mbili kwa siku. Hilo linawezekana bila boksi la mtu.

Maziwa hayaongezi makohozi. Yanaacha utelezi kooni unaofanana nayo, basi. Mtoto anayekua, hasa akiwa ananyweshwa steroidi, anahitaji kalsiamu na protini ya kutosha, nanyi mmemwondolea maziwa, mayai na samaki kwa mpigo mmoja. Mzio wa chakula wa kweli hujitokeza upesi, dakika chache hadi saa mbili baada ya kula: vipele vinavyowasha, midomo kuvimba, kutapika, kifua kubana. Kama hajawahi kupata hayo, mrudishie chakula kimoja kimoja kwa kupishana siku tatu, pumu ikishatulia. Kama aliwahi, hata mara moja, chakula hicho kirudishwe mbele ya daktari tu. Dagaa na vibua viwe vya mwanzo, vina mafuta mazuri na bei yake mnaijua.

Vinavyostahili kuchunguzwa ni vile ambavyo bibi hakuvitaja. Juisi za chupa, matunda makavu na kamba wa kugandishwa huwekwa salfaiti visiharibike, na baadhi ya wenye pumu hubanwa nazo ndani ya nusu saa. Kwenye lebo zimeandikwa E220 hadi E228. Chakula cha usiku kizito nacho kikipanda kooni akiwa amelala huamsha kikohozi, hivyo ale angalau saa mbili kabla ya kulala. Na maumivu yake yatulizwe kwa parasetamoli. Aspirini mtoto asipewe, na diklofenaki au ibuprofeni zinaweza kumbana mwenye pumu ambaye kifua chake hakizitaki.

Habasoda imepimwa katika majaribio machache yenye watu wachache, wengi wao wazima, gramu moja au mbili za unga kwa siku, ikiwa nyongeza juu ya dawa za pumu. Baadhi yao walipata nafuu kiasi. Ushahidi huo hautoshi kuiweka badala ya pampu, na kwa mtoto kijiko kikubwa kila siku ni kingi. Nyunyiza kidogo kwenye mkate, inatosha. Asali kijiko cha chai kabla ya kulala hutuliza koo, haina ubaya kwa aliyevuka mwaka mmoja. Tangawizi na kitunguu swaumu viendelee kama viungo vya chakula.

Kujifukiza tuombe kuishie hapa. Watoto huungua kwa sufuria ya maji moto chini ya shuka, na harufu kali ya mkaratusi inaweza kukaza njia za hewa zilizovimba. Ule ubaridi puani hudanganya kwamba kifua kimefunguka. Mafuta ya mkaratusi yasinyweke kabisa, kiasi kidogo tu huleta degedege kwa mtoto.

Mnanaha: hapana, hata mara moja. Wazee hawakuzua, ule mmea una atropini inayolegeza njia za hewa, na dawa ya ipratropiamu inayotumika hospitali ina asili hiyohiyo. Lakini jani moja lina sumu mara kadhaa ya jani la jirani yake, hakuna anayejua ameungiza kiasi gani, na mtoto akizidishiwa mboni zinapanuka, mdomo unakauka, moyo unakimbia, anaweweseka. Juu ya hayo, unamvutisha moshi mtoto mwenye pumu.

Boksi la 85,000 usinunue. Vitamini D ilionekana kuwa na matumaini katika mapitio ya tafiti ya mwaka 2016. Mapitio hayo yaliporudiwa mwaka 2023 na tafiti zaidi, faida ya kuzuia kubanwa haikuonekana tena. Magnesiamu inayosaidia ni ya mshipa, hospitalini, mtu akiwa amebanwa vibaya. Ya kidonge haijathibitika. Mafuta ya samaki ya vidonge hayajaonyesha faida ya kuaminika kwa aliye tayari na pumu. Pesa hiyo ikanunue pampu ya kahawia, na ikibaki, foronya ya plastiki yenye zipu ya kufunika godoro.

Kwa sababu tiba ya asili kubwa kuliko zote kwa binti yako iko ndani ya nyumba: kuondoa moshi. Dawa ya mbu ya kuchoma ibadilishwe kwa chandarua chenye viuatilifu leo. Jiko la mkaa liwe uani. Chetezo cha udi kisiingie chumbani kwake wala sebuleni akiwepo; nguo zifukizwe akiwa shuleni, madirisha wazi, na zake zisifukizwe kabisa. Asumini kwenye sahani haitoi moshi, ila ikimpigisha chafya nayo itoke. Godoro na mto wa sufi hufuga vijidudu vya vumbi, basi vifunikwe. Shuka zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Mende wamalizwe kwa chambo, kwani kinyesi chao huchochea pumu na dawa ya kupuliza pia.

Akibanwa: mketishe wima, akiinama mbele kidogo, usimlaze. Pampu ya bluu kwa chupa, mivuto minne, mmoja mmoja, pumzi tano au sita kila mmoja. Baada ya dakika 20 bila nafuu, rudia, na hapo muwe mnatafuta usafiri; njiani rudia tena. Kama hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinabonyea ndani, midomo inageuka rangi, au kifua kilichokuwa kinalia filimbi kimenyamaza ghafla huku anahangaika, usisubiri dakika 20. Ondokeni mkimpulizia njiani. Pampu moja ya bluu na chupa yake vikae shuleni kwa mwalimu wa darasa.

Kuhusu mama mkwe, mwende naye kesho. Asikie kwa daktari mwenyewe habari ya ule unga, isiwe wewe unayempinga jikoni. Mshukuru mbele ya daktari kwa alivyomhangaikia mjukuu, na mwombe ashike kazi mbili ambazo hakuna atakayezifanya vizuri kama yeye: mboga za kila siku, na kuhesabu mivuto ya kahawia asubuhi na jioni mtoto akisukutua mbele yake. Wewe andika kwenye daftari usiku alioamka na mivuto ya bluu aliyotumia. Daktari akikupa tarehe ya kurudi, nenda na daftari hilo, pampu zote mbili na chupa, umwombe amtazame mtoto akivuta mbele ya macho yake.